Mwiko wa Dunguni

Kaka yangu Urbanus alibabuka mikono na shingo. Aliharisha wiki tatu mfululizo. Kisha akaanza kusahau majina ya watoto wake. Hatukujua ni ugonjwa gani. Kila mtu alikuwa na jibu lake, na majibu yote yalikuwa ya uongo, pamoja na la kwangu.

Shemeji yangu Perpetua ndiye aliyenipigia simu Vidunda, huko mlimani nyumbani kwetu.

"Octavian, njoo umwone kaka yako. Jana ameniita mama."

Nilishuka siku ileile. Shamba la Urbanus liko bondeni, upande wa Mikumi. Huko mahindi yanapakana na pori, na pori limejaa tembo. Nilifika saa saba mchana. Urbanus alikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa ambacho mlinzi hukaa akifukuza wanyama. Jua lilikuwa kali. Alikuwa anagonga debe kwa nguvu zake zote.

"Kaka, shikamoo! Unafukuza nini?"

"Tembo. Huwaoni? Watatu wale."

Nilitazama. Shambani hapakuwa na tembo. Hapakuwa na hata ndege.

Aliteremka polepole akishika ngazi kwa ncha za vidole, kama mtu anayeogopa mikono yake mwenyewe. Akanitazama muda mrefu.

"Marahaba," alisema. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Nina miaka hamsini na moja. Ndevu zangu zina mvi. Ndugu yangu wa tumbo moja aliniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Mikono yake ilikuwa myeusi na migumu kuanzia vidoleni hadi pale shati lilipoanzia. Ngozi ilikuwa inabanduka vipande vipande kama rangi ya mlango wa zamani. Miguu nayo hivyohivyo, mpaka mwisho wa suruali aliyokuwa ameikunja. Shingoni palikuwa na mduara mweusi uliomzunguka. Alipofungua mdomo niliona ulimi mwekundu kama nyama mbichi.

Jirani yake Doto alikuwa amekuja na baiskeli. Doto ni mtu wa bondeni tangu enzi za babu yake. Sisi wa milimani ni watani zake.

"Mtani wangu amevishwa mkufu na tembo," alisema akionyesha shingo ya Urbanus. "Nyie watu wa mlimani mnapenda vya kupewa."

Hakuna aliyecheka. Doto mwenyewe hakucheka. Aliinamisha kichwa na kuchezea kengele ya baiskeli.

"Wengine wanasema ni mkanda wa jeshi," Perpetua alininong'oneza. "Wengine wanasema ni tembo aliyekufa hapa mwaka juzi, anadai. Nimeambiwa kuna mtaalamu wa uganga Dumila."

"Mimi nasema ni pombe," nilisema.

"Pombe gani, shemeji? Ana miezi minne hajatoka shambani. Hata kanisani haji."

Miezi minne. Neno hilo lilinichoma, lakini sikujua kwa nini.

*

Mimi na Urbanus tulikulia dunguni. Shule niliiacha darasa la tano, na sehemu kubwa ya nilichojua maishani nilikijua juu ya miti ile. Baba alilima bonde hilihili. Wakati huo ulinzi ulikuwa wiki tatu tu, kuanzia mahindi yanapokomaa mpaka yanapovunwa. Wanyama waliotusumbua walikuwa nyani na nguruwe. Tembo alipita mara moja kwa msimu, na akipita watu walisimulia mwaka mzima.

Kwetu watoto, ulinzi ulikuwa sikukuu. Madungu yalikuwa yamepangana kuvuka bonde. Jioni jua likipungua, mtu mmoja anaanzisha wimbo huku, wa kule anaitikia, wa mbali zaidi anamalizia. Ukiwa katikati unausikia unapita juu ya kichwa chako kama kundi la ndege. Sijasikia tena wimbo wa namna ile. Siku hizi kila mlinzi ana redio yake kwenye simu, na kila mmoja anasikiliza yake.

Baba alikuwa na mwiko mmoja. Dunguni hakiliwi kinachonukia. Hakuna karanga, hakuna dagaa, hakuna nyama, hakuna maharage yaliyoungwa. "Pua ya tembo ni ndefu kuliko shamba," alisema. Kwa hiyo dunguni tulikula ugali na chumvi, au mahindi ya kuchoma, na chai.

Lakini tulipokezana. Kila siku ya tatu mmoja alirudi nyumbani. Mama alikuwa anatwanga mwenyewe kwenye kinu. Ukifika unakuta chungu cha kunde zilizoungwa kwa karanga, na dagaa pembeni. Unakula mpaka tumbo linakuwa gumu kama ngoma. Hata sasa nikisikia harufu ya karanga zikichemka, naona mlango wa jiko lile, na mama amekaa kwenye kigoda akituangalia tunavyoshindana.

Sasa wiki tatu zimekuwa miezi minne. Tembo wanaingia tangu mahindi yakiwa magotini. Watoto wa Urbanus wako Morogoro na Dar es Salaam, hana wa kupokezana naye. Kinu cha mama kipo nje ya nyumba, kuku wanatagia humo. Unga ni sembe nyeupe ya mashine.

Mwiko tu ndio uliobaki kama ulivyokuwa.

*

Siku iliyofuata Urbanus alishindwa kusimama kwa kuharisha. Nikamwambia Perpetua mtaalamu wa Dumila atasubiri. Tukamfunga kaka kwenye pikipiki katikati yangu na dereva, kwa khanga mbili, tukampeleka zahanati. Doto alitufuata bila kuitwa, amempakia Perpetua kwenye baiskeli yake.

Nesi pale anaitwa Ida. Ni binti mdogo, mwembamba, ana sauti ya mtu aliyezoea kuita majina kwenye kelele.

"Shikamooni wazee. Baba, jina lako nani?"

Urbanus hakugeuka. Alikuwa anatazama dirisha.

"Anaitwa Urbanus," nilisema. "Mimi ni mdogo wake, na hanitambui. Anaona tembo wasiokuwepo. Tunadhani ni mkanda wa jeshi."

"Mkanda wa jeshi unashika upande mmoja wa mwili, na una malengelenge. Huu umeshika mikono yote miwili sawasawa. Mvueni shati."

Tulimvua. Mgongo ulikuwa safi. Kifua kilikuwa safi. Ilikuwa kana kwamba mtu amechora mstari pale shati linapoanzia. Ida akamfungua saa ya mkononi. Chini ya mkanda wa saa kulikuwa na ngozi laini ya kahawia, ngozi ya kaka yangu ninayemjua.

"Mnaona?" alisema Ida. "Palipofunikwa ni pazima. Ugonjwa umeshika pale jua linapofika. Anakula nini?"

"Anakula vizuri," alisema Perpetua. "Ugali anamaliza sufuria."

"Na nini?"

"Na chumvi. Wakati mwingine na chai."

"Maharage?"

"Hapana."

"Dagaa? Karanga? Yai?"

Perpetua alinitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Kuna mwiko," nilisema. Nikamweleza, na Perpetua akaongeza kwamba hanywi pombe. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliuliza, "Kwa muda gani?" Nikasema miezi minne. Akaweka kalamu chini.

"Huu ugonjwa unaitwa pelagra. Haukuletwa na tembo, na hauambukizi. Umeletwa na upungufu wa vitamini moja. Inaitwa vitamini B3, wengine huiita niasini."

"Vitamini?" Doto alisema kwa mshangao. "Nesi, vitamini si zile za watoto, tamutamu? Mtu mzima anawehuka kwa kukosa pipi?"

"Baba, kaa hapo nikueleze. Wewe unalinda shamba?"

"Nalinda. Dungu langu liko jirani na lake."

"Tembo akiingia kwako unafanyaje?"

"Nagonga debe. Wenzangu wanasikia, wanakuja na tochi na moto wa pilipili unaomwasha tembo pua."

"Sawa. Mwili umejengwa kwa vitu vidogo sana, havionekani kwa macho. Vinaitwa seli. Ngozi ni seli, utumbo ni seli, ubongo ni seli. Kila siku jua linaziumiza kidogo seli za ngozi. Zangu, zako, za kila mtu. Seli ikiumia inatuma ujumbe: nimeumia, nitengenezeni. Inagonga debe."

"Na wanakuja?"

"Wanakuja. Ndani ya seli kuna mafundi wa kutengeneza. Lakini fundi hafanyi kazi mikono mitupu. Kifaa chake na nguvu yake vinatokana na hiyo vitamini. Sasa fikiria umegonga debe, wenzako wamefika, lakini hawana tochi, hawana pilipili, hawana hata fimbo. Tembo atafanya nini?"

"Ataendelea kula," alisema Doto.

"Na kesho jua linarudi. Seli inagonga tena. Inagonga na kugonga. Mwisho inachoka, inakufa. Ndiyo hii ngozi inayobanduka."

"Na tumbo?" Perpetua aliuliza.

"Utumbo hubadilisha seli zake kila baada ya siku chache. Unahitaji kifaa hicho wakati wote. Ukikikosa, unaharisha, ulimi unachubuka. Na ubongo ndio zaidi. Seli za ubongo kazi yake ni kupelekeana ujumbe. Zikikosa nguvu, ujumbe unapotea njiani. Ndiyo maana baba anaona tembo ambao hawapo, na hamwoni mdogo wake aliyepo."

Kisha nikauliza swali la mtu wa darasa la tano.

"Lakini mahindi si chakula? Baba zetu walikula mahindi."

"Mahindi yana vitamini hiyo, ila imefungwa. Tumbo la binadamu haliwezi kuifungua vizuri. Sembe ni mbaya zaidi, maana pumba na kiini vimeondolewa. Dona ni bora, lakini dona peke yake nalo halitoshi. Lazima ugali uwe na mwenzake. Karanga, maharage, kunde, dagaa, samaki, nyama, yai, maziwa."

"Yaani karibu kila kilichokatazwa dunguni," nilisema.

"Ndiyo, baba. Na pombe nyingi nayo huleta ugonjwa huu, maana mnywaji anaacha kula. Lakini huyu hakunywa. Huyu ametii tu."

Akaandika barua ya kutupeleka hospitali, Kilosa mjini. Alisema Urbanus amepoteza maji mengi na anahitaji dripu, na dawa ya vitamini kwa kipimo cha daktari. "Msinunue vidonge vya rangi rangi dukani mkadhani mmemaliza. Kipimo cha kutibu si cha kubahatisha. Na mkichelewa, ugonjwa huu unaua."

Akawa anakunja barua. Akauliza, kama mtu anayeuliza jambo dogo:

"Kuna mwingine huko kwenu aliyewahi kupata mduara kama huu shingoni?"

Doto alinitazama. Mimi nilimtazama Doto.

Yohana. Mtoto wa mama yetu mdogo. Ndiye aliyekuwa anaanzisha wimbo tulipokuwa watoto. Dungu lake lilikuwa la kwanza karibu na pori, na sauti yake ilikuwa ya juu na safi kiasi kwamba wanawake waliokuwa wakiteka maji mtoni walisimama kumsikiliza. Miaka miwili iliyopita alilinda miezi mitano peke yake. Alibabuka. Aliharisha. Alianza kuongea na watu wasiokuwepo. Tulisema amechezewa na wachawi. Tulimzika Agosti.

"Alikuwepo mmoja," nilisema.

Ida alinipa barua.

*

Hospitali ya Kilosa tulilala siku kumi na mbili. Siku ya pili kuharisha kulipungua. Siku ya tatu asubuhi nilikuwa nampa uji uliochanganywa na karanga. Alinishika mkono.

"Octavian. Mbona umezeeka hivi?"

Nilimwambia aache utani, anywe uji. Kisha nikatoka nje, nikasimama karibu na ukuta mpaka nilipoweza kurudi.

Ngozi ilichukua muda zaidi. Zaidi ya mwezi ilikuwa inabanduka na kuota upya. Daktari alimpa vidonge vya kuendelea navyo na kumkataza kukaa juani bila shati la mikono mirefu na kofia.

Kazi ngumu ilikuja nyumbani. Perpetua alipika maharage na dagaa, Urbanus akala. Lakini msimu uliofuata ulipokaribia, nilimkuta anafunga mzigo wa kwenda dunguni. Sembe, chumvi, majani ya chai, sukari.

"Karanga ziko wapi?" niliuliza.

"Nitakula nikirudi."

"Unarudi lini?"

Akakaza kamba ya mzigo.

"Kaka, unataka kufa?"

"Baba alilinda miaka thelathini hakuvunja mwiko. Na hakubabuka."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo tangu Kilosa.

"Baba alirudi nyumbani kila siku ya tatu," nilisema. "Mwiko ulikuwa na sehemu mbili. Moja ni kutokula dunguni. Nyingine ni kupokezana na kula nyumbani. Wewe umeshika ya kukatazwa, ya kupokezana umeitupa. Humfuati baba. Unafuata nusu ya baba."

Perpetua alikuwa mlangoni.

"Halafu huyo tembo," alisema, "ana heka nne za mahindi zinanukia usiku kucha, aje kwa ajili ya kiganja cha karanga? Ana njaa kiasi gani?"

Doto, aliyekuwa amekuja kumpitia waende pamoja, alicheka mpaka akakohoa. "Mtani, mkeo ana akili kuliko tembo."

Urbanus aliufungua mzigo wake polepole.

Tulikubaliana madungu yote matano ya upande ule. Sasa tunalinda kwa zamu. Siku tatu dunguni, siku tatu nyumbani. Mwenye hofu ya harufu hupika nyumbani na kubeba karanga zilizokwisha kukaangwa, maharage yaliyochemshwa bila mchuzi, mayai ya kuchemsha. Unga tunasaga dona, na hatuli ugali bila mwenzake. Kamba tumezipaka pilipili na oili chafu na kuzizungusha mashambani. Tembo bado wanakuja. Walikuja tulipokula chumvi, wanakuja tunapokula karanga. Wanafuata mahindi. Msimu mzima hakuna mlinzi aliyebabuka, hakuna aliyesahau jina la mtoto wake. Urbanus alivuna magunia ishirini na sita.

Ilibaki kumweleza Raheli, mjane wa Yohana. Urbanus alisema ni kazi yangu, kwa kuwa mimi sijui kuzunguka maneno. Nilimkuta anachambua kunde barazani. Nilimwambia wazi. Hakuchezewa. Alikosa vitamini iliyomo kwenye karanga na dagaa.

Aliendelea kuchambua. Kisha mikono ikasimama.

"Nilikuwa na gunia zima la karanga ndani, Octavian. Nilikuwa namwambia chukua hata kidogo. Anasema, tembo."

"Hatukujua, shemeji."

"Hatukujua," alisema.

Nahesabu tulichopoteza, na sifichi. Heka mbili na nusu za mahindi ya Urbanus ziliingia tumboni mwa tembo wakati mlinzi yuko kitandani. Siku kumi na mbili za hospitali. Wiki tatu ambazo Urbanus hakumbuki hata moja. Alama shingoni ambayo haijafutika. Na kabla ya hapo, mtu mmoja. Yohana, miaka arobaini na tisa, mume wa Raheli, baba wa watoto wanne.